Senje Aliponiacha Uwanjani Mabanga

Juzi mjini Kitale niliona bango la Senje Nekesa, kubwa kuliko nyumba yetu ya Tuwan, akitabasamu na maikrofoni ya redio. Harufu ya mahindi ya kuchoma ikanijia palepale.

Senje ni dada ya baba. Alicheza kamabeka, ngoma ya kutikisa mabega, na mabega yake yangeangusha miti ya Bungoma nzima. Alinichagua mimi, mtoto, tucheze ana kwa ana kwenye mashindano ya Mabanga. Siku hiyo hakutokea. Zamu yetu ilipofika, redio ya mama aliyekuwa akichoma mahindi kando ya uwanja ikasema kwa sauti ya Senje, "Sasa, wasikilizaji! Ni Nekesa, mtangazaji wenu mpya."

Nilidhani amefungiwa mle ndani. "Senje, toka! Tunaitwa!" Watu walicheka mpaka ng'ombe wakageuka.

"Na ile ngoma yako?" mtangazaji mwenzake akamuuliza redioni.

"Ngoma? Hiyo niliacha kitambo, bana."

Kitambo! Jana yake tulifanya mazoezi mpaka kandambili zangu zikakatika.

Siku hizi naelewa kazi kama ile haingoji mtu. Hata mimi ningeenda mbio. Lakini si angeniambia tu? Siku ile nilicheza peke yangu, nikimwachia nafasi yake mbele yangu, mpaka wapiga ngoma wakachoka.