Udongo wa Mama Durga

Mwanangu, ile siku bado naiona mbele ya macho kama ya jana. Lava ya volkano ilikuwa imeshuka miezi michache nyuma, imefunika duka letu la vitambaa lote, na sisi tulikuwa tumepanga nyumba ya mbao mtaa wa Katindo, hapa hapa Goma. Baba yako alikuwa ameshapatana na dereva wa lori: sherehe ya mungu wetu Mama Durga ikiisha tu, tunapakia vilivyobaki, tunahamia Kampala. Mimi niliyezaliwa Goma, niliyesoma na watoto wa Goma, nilikuwa nalia jikoni kila asubuhi nikisingizia moshi wa makaa.

Desturi yetu Wahindi unaijua. Siku ya kwanza ya sherehe tunapanda ngano kwenye chungu, tunakiweka miguuni pa sanamu ya Mama, tunawasha taa, tunaimba na kucheza tukimzunguka siku tisa. Siku ya mwisho majani yanapelekwa majini. Yakiota vizuri, watu husema Mama ameingia nyumbani. Sasa ngano utaipanda wapi, mahali ambapo chini ni jiwe jeusi tupu? Hata choo, Goma tunakichimba kwa mtarimbo.

Nikajiona mjanja. Nikavaa viatu, nikamwambia bibi yako, mama wa baba yako ambaye sote tulimwita Ba, kwamba navuka mpaka kwenda Gisenyi kununua udongo laini. Nilitaka ngano iote kwa nguvu mpaka baba yako aione na kuogopa kuondoka.

Ba alikuwa anachambua mchele. Hata kichwa hakuinua.

"Vua viatu."

"Lakini Ba, hapa haitaota!"

"Nani amekuambia niko napanda juu ya kumuuliza Mama kama tubaki ao tuende? Miye simuulizi kitu. Miye niko hapa. Mutu anapanda pahali anaishi. Ukileta udongo wa ng'ambo, utakuwa umemupokea Mama kama mugeni wa hoteli."

Lo! Kumbe alikuwa amenisoma moyo. Nikavua viatu. Ba akanipa nyundo, tukakaa nje tunaponda vipande vya lava na kuvichekecha kwa chekecheo la unga. Watoto wa mtaa wakajaa wakicheka, eti Bahindi wanapika mawe.

Kelele zile zikamtoa jirani yetu Mama Furaha, Mkatoliki wa upande wa Bukavu, rozari shingoni, mdomo mkubwa na moyo mweupe. Yeye alikuwa amepanda mboga za lengalenga katika magunia kando ya ukuta, kwa udongo aliouleta mwenyewe kutoka shamba la kaka yake Rutshuru. Alipoelezwa tunachofanya, akashika kiuno.

"Mama wenu anapenda ngano?"

"Anapenda sana," Ba akajibu.

"Na Bikira wangu anapenda maua. Bamama bote beko vile." Akabeba gunia moja, lengalenga na yote, akalimwaga juu ya mawe yetu. "Muchanganye. Lakini siku ya chakula munialike, sitaki bongo, musinidanganye!" "Udongo wa jirani ni wa hapa," Ba akasema, akaanza kuchanganya.

Siku za kwanza chungu kilikaa kimya. Baba yako akipita anatazama, anatikisa kichwa. Ba akaendelea kunyunyiza maji na kuimba kwa sauti yake ile mbovu, Mungu amrehemu. Halafu asubuhi moja Mama Furaha akapiga kelele mtaa mzima ukasikia. Ngano ilikuwa imetoboa! Upande mmoja imesongamana, upande wa pili ina upara. Ba aliucheka upara ule mpaka akakaa chini.

Siku ya mwisho miguu ya Ba ilikuwa inamuuma, basi akamwekea mwanawe, baba yako, chungu mikononi. "Beba Mama." Tukashuka kwenda ziwani, ngoma inalia, Mama Furaha mbele na vigelegele. Njiani mzee mmoja akauliza, "Papa, hii ngano imeota kwa udongo wa wapi?" Baba yako akasita, akatazama chungu. "Wa hapa," akasema polepole. Mwingine akauliza tena. "Wa hapa! Wa Goma!" Tulipofika majini alikuwa anapaza sauti bila hata kuulizwa. Mwanangu, sijawahi kujivunia mume wangu kama siku ile.

Tuliporudi, dereva alikuwa anatusubiri mlangoni. Baba yako akamjazia mikono vitamu vya sherehe, akamwambia aende salama, sisi hatuendi. Kesho yake alinunua mbao, akajenga duka jipya juu ya lava ile ile.

Jana umeniuliza kama mwaka huu tuache sherehe, kwa kuwa hali ni mbaya, ndege hazitui na maua hayafiki. Usiache. Chuma maua ya uani kwako, washa taa, fungua mlango, alika majirani. Mama asiwe mgeni katika mji uliokuzaa. Na wewe usiishi hapa kama mtu anayesubiri lori.

Kwa udongo usihangaike. Mama Furaha ameshazeeka, lakini magunia yake bado yako ukutani, na tangu juzi ananiuliza kwa nini hujafika kuchukua. Nenda, mwanangu. Mama Durga akulinde wewe na nyumba yako, mikono yako ioteshe popote utakaposimama, na chungu chako mwaka huu kisiwe na upara.