Furaha, wananipa kiti chako

Akili yangu inakataa. Jumamosi tulikuzika, na leo jina lako bado linaonekana online kwenye laptop yangu.

Kwa msiomfahamu: Furaha alikuwa developer, rafiki yangu tangu chuo. Mutoto wa Kalemie kabisa, mama yake anauza ndakala, wale samaki wadogo wa ziwa, sokoni.

Tulipoanza kutafuta kazi alinilazimisha tuandike mambo ambayo hatutakubali kuyaacha. Yake: kukaa karibu na mama yake, kujifunza kitu kipya, kuweza kusema "niko mugonjwa" bila kutetemeka. Mshahara aliuweka wa nne.

Nilimcheka. "We Furaha, unatafuta kazi ao unatafuta bwana?" Akasema bwana angepatikana haraka zaidi.

Kabimba, nje ya mji wetu, walimwita kazi ya biro, ya ofisini, akakataa kumwacha mama. Kisha akapata kampuni ya mbali, remote, anafanyia kazi nyumbani, miezi mitatu ya majaribio. Karibu yote aliyotaka yalikuwepo. La ugonjwa aliogopa kuliuliza, wasimdhanie dhaifu kabla hajaanza.

Mwezi wa pili homa ikamshika. Kwenye meeting alizima camera wasione kitanda. Halafu akanipa password yake.

"Unishikie kazi siku mbili tu. Wasijue."

Siku mbili zikawa tisa. Niliandika code kwa jina lake, nikamjibu shefu, bosi wake, kwa jina lake. Yeye alimeza dawa za dukani, akisema hospitali ni baada ya majaribio.

Nilijua anazidi kudhoofika. Na nilikuwa najivunia kwamba hakuna aliyegundua. Hilo ndilo linaloniogopesha kuliko yote.

Siku ya kumi tulimpeleka. Daktari alisema tumechelewa.

Kwenye matanga nilimweleza Mama Furaha kila kitu. Hakunigombeza. Aliniangalia tu, akauliza: "Sasa mwanangu alikuwa anaogopa ile kazi kupita kifo?"



Jana nilimwandikia shefu ukweli. Akanipa pole kwa mistari miwili. Mstari wa tatu ukasema kwamba kwa kuwa kazi tayari naijua, nichukue nafasi hiyo, nijibu leo kabla ya saa sita.

Naitaka. Mwaka wa pili huu niko nyumbani bila kazi, na ninaogopa jinsi ninavyoitaka.

Leo asubuhi nikamuuliza shefu: nikiugua, itakuwaje? Akajibu, "Tutaona wakati ukifika."

Nimeandika hapana. Sijui kama kazi nyingine itakuja, na sijui nitasema nini nyumbani.

Wewe unayesoma hapa, uliye kazini na homa nyuma ya camera iliyozimwa: mwambie mtu leo. Na ukiombwa kumfichia mwenzako ugonjwa, usikubali kama mimi.

Furaha, nisamehe. Hakuna anayekungoja kwenye meeting tena. Lala, dada yangu, ulale mpaka uchoke kulala.