Kichwa Nje, Miguu Ndani

Mashine ile sikuiamini tangu siku ilipoanza kufungwa kwenye uwanja wa nyuma ya soko, hapa Katoro. Ililetwa na fuso wiki ya mwisho ya Ramadhani, ikiwa vyuma vitupu, na mwenye nayo alikuwa mtu wa Shinyanga asiyependa maswali. Ukimuuliza ameitoa wapi, anasema, "Nimeiunda." Ukimuuliza imefanya kazi mji gani kabla ya hapa, anasema, "Mtaiona." Injini yake tuliitambua sote. Ilikuwa dizeli ya karasha, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu kule Nyarugusu. Wachimbaji waliokuja mjini kula sikukuu waliibatiza kabla haijawashwa, wakaiita karasha ya watu.

Katikati palikuwa na nguzo, na kwenye nguzo vimeunganishwa vitanda vya bomba, vimetandazwa kama mapanga ya feni. Abiria analala chali, anafungwa mikanda kiunoni na mabegani, miguu inaelekea kwenye nguzo, kichwa kinakaa nje kabisa kwenye ubao wenye sponji. Injini ikiwashwa, nguzo inazunguka na vitanda vyote vinazunguka nayo. Nilijiuliza kwa nini vichwa viwe nje, pale ambapo mtu yeyote aliyesimama pembeni anaweza kuvifikia. Huku kwetu hilo si swali la kijinga. Penye dhahabu pana maneno ya ndagu, dawa ya utajiri inayodaiwa kutaka damu ya mtu, au nywele zake tu. Nina duka la vitenge na khanga, nimesoma, naswali, na bado nikitoka saluni nywele zangu naondoka nazo kwenye mfuko.

Idi Mosi mama mdogo alifika kutoka Kharumwa. Upande wa baba ni watu waliotoka Pangani zamani kufuata biashara, lakini mama yangu alikuwa Msukuma, na tangu afariki, mdogo wake huyu ndiye mama niliyebaki naye. Ni mjane, analima mpunga na viazi, na si Mwislamu, lakini Idi hajaikosa hata moja kwa sababu ya pilau. Tena ni mtu wa kupenda vitu vipya. Akiona kitu mjini hajapata kukiona, lazima akiguse.

Kesho yake jioni akaiona mashine.

"Ng'wanone," aliniambia, ndivyo anavyoniita kwa Kisukuma, mwanangu. "Nipeleke pale."

"Mama, ile si ya umri wako."

"Umri wangu umeuonea wapi? Pale unalala tu. Kulala najua."

Nilimwambia simwamini mwenye mashine. Akanijibu kwamba hata yule wa nyama simwamini, na nyama nakula. Nilipoona ameshashika foleni nikaamua kupanda naye, maana nilikuwa radhi kuumia kuliko kumwachia yule mtu mama yangu peke yake.

Yeye alilala kama alivyoelekezwa, kichwa nje. Mimi nilikataa. Nilimwambia mwenye mashine kichwa changu kitakaa ndani, karibu na nguzo, na miguu ndiyo itakuwa nje.

"Mama, haijatengenezwa hivyo," alisema.

"Basi nishuke."

Watu nyuma yetu walianza kulalamika. Akanifunga nilivyotaka, miguu yangu ikikanyaga ule ubao wa sponji. Nilimsihi mama mdogo naye ageuke. Alicheka tu, akasema hakuja kutazama nguzo, amekuja kutazama mbingu.

Mwanzo ilikuwa raha, lazima nikiri. Upepo ulinipiga miguuni na mawingu yalizunguka taratibu. Kisha wachimbaji pembeni wakaanza kumhimiza mwenye mashine aongeze moto, naye akavuta waya wa mafuta. Injini ikapanda sauti. Nikamsikia akiita, "Umenasa! Waya umenasa!" na sauti ikazidi kupanda.

Jambo la kwanza nililohisi ni uzito. Nilitaka kuinua mkono nishike ushungi wangu, mkono ukakataa kama umelaliwa na gunia la mpunga. Tumbo lilivutwa kuelekea miguuni, na kila pumzi nikawa naitafuta. Halafu khanga za watu waliokuwa wakipita mbele ya macho yangu zikapoteza rangi. Nyekundu ikawa kijivu, kijani ikawa kijivu. Pembeni pakaanza kufunga, nikabaki naona kiduara kidogo kama mtu anayechungulia ndani ya bomba, na kiduara chenyewe kikazimika. Nilikuwa sioni kitu, lakini nasikia. Nilisikia watu wakipiga kelele na mama mdogo akiguna karibu yangu, mguno mzito nisiopata kuusikia kwake. Nikawaza kwamba hivi ndivyo watu wa ndagu wanavyotuchukua.

Mwenye mashine aliung'oa mkanda wa injini kwa kuupiga nondo. Vitanda vilipopunguza mwendo, nuru ilinirudia haraka, ile rangi ya kijivu kwanza, kisha rangi nyingine. Miguu iliniwaka. Niligeuza shingo nimwangalie mama mdogo, nikamwona mtu nisiyemjua. Uso ulikuwa umevimba hadi makunyanzi yamepotea. Kwenye kope na shavuni alikuwa na vidoa vyekundu vidogo kama ametobolewa na sindano. Na macho, sehemu yote ambayo kwa binadamu huwa nyeupe ilikuwa nyekundu ya damu.

"Mbona pamekuwa pekundu hivi?" aliniuliza. Halafu akaniuliza hapa ni wapi.

Vijana wawili waliokuwa kwenye vitanda vingine walishuka na macho yaleyale. Waliondoka wakishikana mabega, wakipigwa picha kama mashujaa. Mama mdogo alipopita, watu walifungua njia, wakarudi nyuma hatua zaidi ya ilivyohitajika. Niliwaona. Huku kwetu mwanamke mzee mwenye macho mekundu, anayeishi peke yake, anaweza kuuawa kwa macho hayo tu. Imeshatokea, na hakuna mtu aliyekuwa pale asiyelijua hilo.

Hospitalini walimlaza, wakahofia damu isiwe imevuja kwenye ubongo, wakatupeleka Mwanza kupigwa picha ya kichwa. Picha ilitoka safi. Tuliporudi, daktari kijana alinikalisha chini.

"Umeshawahi kuzungusha ndoo ya maji kwa nguvu?" aliniuliza. "Maji hayamwagiki, yanakimbilia kwenye kitako cha ndoo. Damu nayo ni maji. Ukizungushwa kwa kasi ile, kila kitu mwilini kinakuwa kizito mara kadhaa na kinakimbilia nje. Mama kichwa kilikuwa nje, damu ikajaa kichwani, vimishipa vya macho ni laini, vikapasuka. Wewe kichwa kilikuwa ndani, damu yako ikashuka miguuni, macho na ubongo vikaishiwa. Ndiyo maana uliona giza. Mngechelewa kidogo ungezimia."

"Na macho yatarudi?"

"Yatarudi. Yatapitia rangi ya manjano kwanza, kama jeraha linalopona."

Nilimsikiliza vizuri, na bado nikamuuliza kwao ni wapi. Akasema Shinyanga. Mtu wa mashine wa Shinyanga, daktari naye wa Shinyanga, na maelezo yote yamekuja haraka hivi. Usiku ule nilivua soksi, nikaona vifundo vyangu vya miguu vimejaa vidoa vyekundu vilevile vya usoni kwa mama mdogo. Damu yangu ilikuwa imeenda kule alikosema. Hapo nikaanza kumwamini, lakini nusu.

Mwenye mashine alikuja kutuona, akabeba machungwa. Alikaa kwenye ncha ya kiti, akasema serikali ya mtaa imeshamwamuru aifungue mashine na aondoke.

"Niliijaribu, mama," alimwambia mama mdogo. "Kabla ya kuwapandisha watu niliijaribu kwa viroba vya mchanga. Havikutoka hata kimoja."

"Viroba havina macho, mwanangu," mama mdogo alisema, bila hasira.

Alipoondoka niliyachukua machungwa nikayatupa. Mama mdogo aligomba, alikuwa ameyatamani.

Nilimchukua nyumbani kwangu, nikapanga asirudi kijijini mpaka macho yatakate. Sikumwambia sababu. Nilisema daktari anataka kumwona tena.

"Unaogopa macho yangu," alisema.

"Siogopi macho yako, mama. Naogopa ya wengine."

Akavuta khanga mpaka usoni. Siku hizo hakupenda kukaa barazani.

Kisha akaja mwanawe. Yule ni mdogo wangu wa damu kabisa, tumelala mkeka mmoja utotoni. Aliingia bila shikamoo. Hakwenda kwanza kumwona mama yake; alinipa simu.

"Dada, nieleze hii."

Ilikuwa video iliyozunguka kwenye magrupu mpaka ikafika Kharumwa. Ilituonyesha tunafungwa mikanda. Ilinionyesha mimi nikikataa, nikigeuka, nikiweka kichwa ndani, na mama yake akilala kichwa nje. Ikaruka mpaka tunashuka, mimi mzima, yeye macho damu.

"Ulijuaje ugeuke?" aliuliza.

"Sikujua. Niliogopa watu wasiniguse nywele."

"Wewe uliogopa, mama yangu ukamwacha."

"Nilimwambia ageuke. Hakutaka."

"Hilo halimo kwenye video." Alitazama upande wa dukani, kwenye marobota ya mzigo mpya. "Na duka linakwenda vizuri, naona."

Hakutamka ndagu, na hakuhitaji kuitamka. Nilimweleza habari ya ndoo na damu, nikasikia maneno ya daktari yanatoka kinywani mwangu haraka mno, kama ya mtu aliyeyapanga. Nilimwonyesha vifundo vyangu vya miguu. Aliinama akatazama.

"Hao ni viroboto," alisema.

Mama mdogo alikuwa anasikia kila kitu. Alitoka chumbani ameacha uso wazi, akachukua ndoo uani, akaijaza maji nusu, akaizungusha kwa mkono wake wa jembe juu na chini, mara nyingi, halikumwagika tone. Akaitua mbele ya mwanawe, anahema.

"Umeona? Hapo hakuna mchawi. Ni mimi niliyetaka kupanda. Dada yako alinikataza kabla sijashika foleni."

"Maji ni maji, mama," alisema mwanawe. "Damu ni damu."

Alitaka kuondoka naye siku hiyohiyo. Mama mdogo alikataa, akasema atatoka kwangu macho yakiwa meupe, ili kijijini wasipate la kusema juu yake wala juu yangu. Yalichukua wiki kadhaa. Yalififia kutoka pembeni, yakawa manjano, mwisho yakabaki na alama ndogo kwenye jicho la kushoto ambayo lazima uijue ndipo uione. Nilimrudisha mwenyewe Kharumwa, mchana, tukapita sokoni polepole na kumsalimu kila tuliyekutana naye, ili wamtazame vizuri. Walimtazama. Wengine walimtazama yeye, wengine mimi.

Mama mdogo yuko salama mpaka leo, analima. Mwanawe hakukanyaga kwangu mwaka mzima, na nyumba yao ilipopata msiba sikuitwa jikoni kupika. Ramadhani iliyopita alikuja Katoro kwa shughuli zake, akabisha hodi baada ya futari. Nilifurahi mno. Tuliongea habari za mpunga na mvua. Nilimwekea chai na kitumbua, nikajiwekea na mimi. Alikizungusha kikombe mezani, akapuliza, akakiweka chini, akasema bado cha moto. Mvuke ulikuwa umeshakwisha. Nikainua changu nikanywa. Alinitazama mpaka nilipomeza, kisha naye akanywa.