Mikono Iliyokosekana Nyuma ya Anaeli

Siku moja ninaikumbuka kuliko zote, mwanangu, na kila ikinijia najichukia upya. Jana nilikuja ukumbini kuwatazama mkifanya mazoezi ya igizo lenu la vita, nikatoka kabla hamjamaliza. Uliniuliza kwa nini. Nitakwambia, ila uniache nimalize.

Ilikuwa mwaka ule askari wetu waliporudi kutoka Vita vya Kagera. Hapa kijijini kwetu Machame tuliandaa sherehe ya kuwapokea, na kikundi chetu cha vijana kumi na wawili kikapewa igizo. Mwalimu Ndesario, aliyetufundisha, alikataa bunduki za miti. Alikataa hata maneno. Alitaka miili tu, mstari mmoja wenye hatua moja, tukivuka kinamasi ambacho hakipo. Mazoezi yenyewe tulifanyia kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, wa kuzibua mfereji, majembe yakipanda na kushuka pamoja, mpaka mtu wa mbele akisita, wa mwisho anajua. Nilimwona Mwalimu mtu wa kuchosha kupita kiasi.

Kazi yangu ilikuwa moja. Anaeli, aliyekuwa mbele yangu, angepigwa risasi na kuanguka chali bila kutazama nyuma. Mimi wa mwisho ningemdaka, wenzangu wangeingiza mabega, tumbebe juu bila mstari kusimama. Basi, kudaka tu! Nilikasirika. Nina kifua, nina shati jipya, halafu nasimamishwa nyuma kama nguzo ya banda la ng'ombe.

Mbele, kwenye benchi la wageni, aliketi Mama Elisante. Mwanawe hakurudi vitani. Aliambiwa kwamba wenzake walimbeba mpaka mwisho, naye alimwomba Mwalimu amwonyeshe jambo hilo alione kwa macho yake. Sote tulijua. Hata mimi nilijua.

Uwanja ulijaa, na wasichana wa Kibosho walikuwepo. Tulianza vizuri hata watoto wakanyamaza. Halafu, sijui ni shetani gani, nikachomoka mstarini. Nikabiringika, nikanyoosha vidole, nikapiga risasi kwa mdomo. Watu wakacheka, nami nikazidisha. Nyuma yangu Anaeli akaanguka kama tulivyozoea, akiiamini mikono yangu. Nikasikia kishindo. Mfupa wa bega ulivunjika, na watu wakapiga makofi wakidhani ndilo igizo lenyewe.

Mama Elisante hakupiga makofi. Alikuja mpaka katikati ya uwanja, akamwangalia Anaeli anavyougulia maumivu, kisha akaniangalia mimi.

"Mmemwacha chini," alisema. "Na wangu walimwacha hivi?"

Mwalimu hakunifukuza. Alinitazama kwa uchovu, akasema, "Nilikupa kazi kubwa kuliko zote, ukaiona ndogo."

Baba yangu alichuma majani ya isale, ambayo kwetu mkosaji akikuletea huna budi kumsikiliza, akanikabidhi. Nilianza kwa Anaeli, nikaenda kwa Mama Elisante. Alilipokea jani. Kisha akasema maneno yangu hayataki, anachotaka ni sisi tumalize tulichokianza.

Bega la Anaeli lilipopona, tulikwenda wote kumi na wawili uani kwa Mama Elisante, katikati ya migomba na kahawa. Ilipofika zamu ya kuanguka, Anaeli alisita. Nilimsikia akivuta pumzi. Akaanguka, nikamdaka. Tulimbeba tukizunguka ua, na Mama Elisante akatembea kando yetu ameushika mguu wa Anaeli. Mabega yalituuma, lakini hakusema tumshushe, nasi hatukumshusha.

Sasa nyie na bunduki zenu za plastiki! Kila mtu shujaa, kila mtu anachukua dakika tano kufa peke yake. Mnanichosha, mwanangu, kwa sababu najiona mimi. Sikiliza basi. Ukiwekwa nyuma ya mwenzako, kaa hapo, hata kama hakuna anayekutazama. Na kila mnapocheza vita, jueni kwamba kati ya watazamaji yupo ambaye kwake si mchezo. Kesho anzeni mazoezi na yule wa kudaka, shujaa atasubiri.

Mungu aifanye mikono yako iwahi. Na siku utakayoanguka wewe, maana utaanguka, akuwekee mtu nyuma yako ambaye hajachomoka mstarini.