Maji Yaliyolala Ubaruku

Niliondoka nyumbani Mlandege, Iringa, kwa ajili ya kazi ambayo bado sikuwa nimepewa. Ilikuwa miaka ya hamsini, nimetoka chuo cha ufundi, natamani kuwa injinia wa maji safi. Ofisi ya Mbeya ikanipa jaribio: nipime njia ya mfereji wa maji ya kunywa Ubaruku, ambako watu walichota palepale ng'ombe walipovukia. Maji yakifika kijijini, nimeajiriwa. Yasipofika, cherehani ya pili ya baba ilikuwa ikinisubiri.

Saa kumi na mbili asubuhi nilipanda lori la mizigo, darubini ya kupimia usawa iko mapajani. Kabla ya Ifunda niliogopa vumbi, nikaifunga kwa shuka. Mbele kidogo niliogopa mvua, nikaichomeka chini ya magunia ya maharage. Kisha nikaogopa uzito wa magunia, nikaihamishia juu ya gurudumu la akiba. Dereva akaniuliza kama nimebeba mayai. Tulipopita Makambako lori liliingia shimoni kwa kishindo, nami kwa mara ya kwanza siku ile sikuwaza chochote, maana bonde la Usangu lilikuwa limefunguka mbele yetu, kijani hadi macho yanachoka.

Jioni nilishuka Igawa, na mwenye baiskeli mmoja akanifikisha Ubaruku. Mwenyeji wangu, Bi Nuru, mjane mkulima wa mpunga, alinikaribisha kwa wali na maziwa ya mgando. Aliniuliza habari za wazazi kwanza, za kazi baadaye.

Kwa siku mbili nilipima na kupigilia vigingi. Kila kipimo nilikirudia mara nne. Siku ya tatu, wachimbaji wakiwa wamekwisha noa majembe, Bi Nuru alitembea kando ya vigingi vyangu, akasimama.

"Mwanangu, hapa maji yako yatapanda mlima."

Nikamweleza kwa heshima kwamba darubini haikosei.

"Sijaisema darubini. Njoo uone maji yalivyolala."

Akanipeleka kwenye jaruba lake, shamba dogo lenye tuta pande zote. Akaziba njia ya kuingilia, tukasubiri mpaka maji yatulie kabisa. Ndivyo wakulima wa huko wanavyosawazisha ardhi: maji yakilala, udongo uliochomoza unajionyesha wenyewe. Nilipigilia vijiti viwili, kimoja kila mwisho wa jaruba, vichwa vyake vikiwa sawa na maji. Kisha nikachungulia. Darubini ikasema kijiti cha mbali kiko chini ya cha karibu kwa vidole vinne.

Nikakumbuka lile shimo, na gurudumu la akiba.

"Mayai yamepasuka," nilisema. Bi Nuru hakuelewa. Nilipomsimulia alicheka hadi akakaa kwenye tuta.

Nilikaza skrubu ya darubini hadi vijiti vikalingana machoni, nikawaomba radhi wachimbaji, nikang'oa vigingi vyote na kupima upya. Hawakuninyima utani, waliniita Bwana Vidole Vinne hadi kazi ikaisha.

Siku ya kufungulia maji, mkaguzi alifika kutoka Mbeya. Bi Nuru alitupa pumba za mpunga juu ya maji ili tuone mwendo wake. Zilisita kwenye kona moja. Halafu zikazunguka, zikasogea, zikaingia kijijini huku akina mama wakizifuata kwa vigelegele.

Mkaguzi alinisifu. Ningeweza kunyamaza, lakini usiku kucha nilikuwa nimeshaliwaza hilo. Nikamkabidhi ripoti, yote nimeyaandika humo. Akasoma polepole.

"Huyu Nuru aliyesahihisha kipimo ni injinia wa wapi?"

"Wa hapahapa, bwana. Ndiye yule aliyetupa pumba."

Akamtazama, akatia sahihi. "Jumatatu uanze kazi. Na darubini uishike mwenyewe njiani."

Nilirudi Iringa kuaga, darubini mapajani njia nzima. Baba alikaa kwenye ile cherehani ya pili, akanishonea kaptula ya kazi. Tangu hapo nimepima mifereji mingi, na bado nina wasiwasi. Ila sasa nina pa kuupeleka: natafuta kwanza maji yaliyotulia, nasubiri, ndipo nachungulia.