Mavi ya Chuma ya Igalula

Enzi zetu sisi tuliosomea Tabora, dunia nzima ilikuwa ukutani. Mwalimu Chilewa, aliyetufundisha historia darasa la sita, alipandanisha meza mbili akapanda juu, akachora ramani ya dunia kwenye ukuta wa nyuma wa darasa. Mipaka aliichora kwa mkaa, bahari akaipaka bluu ya kufulia. Kila tulipomaliza kusoma ustaarabu mmoja wa kale alitia tone la rangi nyekundu mahali pake. Misri tone, Babeli tone, Kushi, Aksumu, Bonde la Indus, China, Ghana ya kale, Baghdadi, mpaka kwa Wamaya huko ng'ambo. Wajukuu zangu wanazo picha za piramidi kwenye simu, wanazipitisha kwa kidole kama wanafukuza nzi. Sisi tulikuwa na tone moja la rangi, na tone lile tulilicheza wiki nzima.

Maana tulicheza kweli. Tukitoka shule, njia nzima ya kurudi mtaani kwetu Cheyo ilikuwa Misri. Mifuko ya kaptula na sketi imejaa michembe ya viazi vikavu, miguu mitupu, vumbi hadi magotini, na mmoja wetu ameshateuliwa kuwa Firauni wa siku hiyo. Tulimlaza chini, tukamzungushia khanga za mama zetu mpaka puani, tukamlilia kwa sauti. Siku tuliyosoma China tulijenga ukuta wa matope katikati ya njia ya kisimani, na wanawake waliotoka kuteka maji wakatutukana sisi na ukoo wetu. Mama yangu hakujua Misri iko upande gani, lakini alishajua mchezo unavyokwenda. Alikuwa akiita kutoka jikoni, "Firauni, ukishafufuka nenda kachote maji." Na Firauni alifufuka haraka sana, kwa sababu mama zetu hawakuita mara mbili.

Sasa Mwalimu Chilewa alikuwa Mgogo, na mimi Mnyamwezi, na hapo ndipo mambo yalipoanzia. Vijana wa leo ukiwatania wanakublok, kwa hiyo nieleze. Babu zetu walipita Ugogo wakienda pwani na mizigo kichwani, na Wagogo wakawatoza hongo ndipo wawape maji ya kunywa. Waligombana, wakazoeana, wakaishia kuwa watani mpaka kesho. Mtani anaweza kukuambia neno ambalo angelisema mtu mwingine mngeonana kwa mwenyekiti wa kijiji. Mwalimu Chilewa haki hiyo aliitumia kila alipoingia darasani. Akitukuta tumechelewa alisema wapagazi wamefika, tua mizigo.

Siku moja nikanyoosha mkono nikamuuliza tone letu liko wapi. Nilikuwa mbishi tangu tumboni, mama alisema hivyo. Kutoka Aksumu kule juu mpaka Zimbabwe Kuu kule chini, upande wetu wa magharibi ulikuwa ukuta mtupu. Mwalimu akacheka mpaka akashika meza. Akasema wakati Misri wanajenga piramidi, Wanyamwezi walikuwa wanatafuta kata ya kuweka kichwani. Darasa likaanguka kwa kicheko, na Wanyamwezi wenzangu wasaliti nao wakacheka. Alipotulia akasema kwa sauti ya kawaida, "Tone haliombwi, Kalunde. Lete ushahidi."

Siku ya Wazazi ilikuwa inakaribia, na kila kundi lilitakiwa kuonyesha ustaarabu wake uwanjani. Nikajibu mbele ya wote kwamba sisi tutaonyesha Unyamwezi, na babu yangu atakuja kutoka Igalula, na tone Mwalimu atalitia mbele ya macho yake. Tukishindwa tutatoa jogoo. Nilipokaa chini ndipo nilipokumbuka kwamba ushahidi wenyewe sikuwa nao, na jogoo pia.

Wengi walikimbilia Misri. Wavulana wachache niliwabembeleza, lakini aliyekuja upande wangu bila kuitwa ni Salma. Kwao walikuwa Waarabu wa mjini wenye duka la vitambaa na nazi kavu, na kundi la Baghdadi lilimtaka sana kwa ajili ya dele la kahawa, la shaba, la nyumbani kwao. Dele aliwaazima, mwenyewe akakataa kwenda. Alisema wazee wake hawakutoka Baghdadi, walikuja Tabora kwa njia ile ile ya misafara, na chakula chao cha kwanza hapa kilipikwa na Mnyamwezi. Nilimpenda Salma siku ile, na nampenda hadi leo.

Ijumaa mimi na Salma tukapanda garimoshi kwenda Igalula, tukimpungia mkono kila mtu pale stesheni ya Kigwa kama wageni wa serikali. Babu yangu, Mzee Msabila, alitupokea stesheni. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na kabla hatujafika nyumbani nilikuwa nimeshamwaga yote. Alitupitisha shambani, nyuma ya mihogo, akasimama kwenye lile rundo la mawe meusi ambayo sisi wajukuu tuliyajua tangu tunatambaa. Ni mazito, yana matundutundu kama mkate. Tuliyatia kwenye kombeo, na Bibi aliyaweka juu ya mihogo aliyoiloweka isielee.

Babu akasema hayo si mawe, ni mavi ya chuma. Ndiyo takataka inayobaki tanuruni chuma kikishatoka. Baba yake alifua majembe hapo, na babu wa baba yake, na waliowatangulia ambao majina yao hayajulikani tena. Majembe yao yalikwenda Ugogo, yakaenda pwani, yakabadilishwa kwa chumvi ya Uvinza iliyopikwa tangu kale na kale. Nilikaa juu ya lile rundo nikahisi nimekalia kiti cha enzi. Miaka yote nilikuwa naililia Misri, na huku ndege nawapiga kwa historia yangu mwenyewe.

Babu akakubali kuja Tabora kujenga tanuru dogo, kwa udongo wa kichuguu, kama alivyomwona baba yake. Lakini akaweka sharti. Wavulana wa kundi watamsaidia, mimi na Salma tukae mbali. Alivyofundishwa yeye, tanuru ni mama mwenye mimba na chuma ndicho mtoto. Wanaume humsaidia kujifungua, lakini mwanamke mwingine akisogea, tanuru humwonea wivu kama mke mwenza, na mimba inaharibika. Hakuna mwanamke wa ukoo aliyewahi kukaribia, na yeye hakuwa mtu wa kuanza kuvunja mwiko uzeeni.

Nililia. Si kwa uchungu, kwa hasira. Mimi ndiye niliyeuliza swali, mimi ndiye niliyeweka jogoo asiyekuwepo, halafu nikatazame kwa mbali kama mpita njia. Bibi Nyamizi alikuwa kibarazani anabambua karanga, ananisikia, hainui kichwa. Aliinua pale Babu alipomwomba jembe lake.

Jembe hilo ndilo lilikuwa ushahidi wenyewe. Lilitoka katika tanuru la mwisho la ukoo, na lilitolewa pamoja na mengine kuwa mahari ya Bibi. Mengine ndugu zake waliyalimia mpaka yakaisha. Hilo moja alilificha, halikugusa udongo hata siku moja. Bibi akapepeta karanga zake kwanza, taratibu, ndipo akasema, "Jembe ni langu. Mjukuu wangu asipokaribia tanuru, na jembe halitoki ndani."

Babu alishika kofia yake akaenda kutazama mizinga ya nyuki. Jioni tulikula ugali na mlenda, Babu upande wake na Bibi upande wake. Tukarudi mjini bila jibu.

Siku chache kabla ya Siku ya Wazazi Babu akaja kweli, yeye na wazee wenzake wa Igalula, Bibi hayupo, akajenga tanuru nyuma ya uwanja na wavulana. Likasimama kimo cha mtoto, na tumbo limefura kama alivyosema. Mimi na Salma tulitazama kutoka nyuma ya uzio wa minyaa. Nilimuuliza Babu habari za jembe, akaniambia nimuulize mwenye nalo.

Siku yenyewe ilipofika, uwanja ulipendeza, usiniulize. Misri walikuwa na piramidi ya matope ndefu kuliko mwalimu mkuu. China ukuta wao ulikatiza uwanja wa mpira. Baghdadi wamevaa vilemba vya mashuka, wanawamiminia wazazi kahawa na kashata, na foleni yao haikuisha. Meza yetu ilikuwa na karai moja la mavi ya chuma. Mwalimu Chilewa akapita anatangaza kwa sauti ya mnadani kwamba Misri wameleta piramidi, China wameleta ukuta, na watani zake wameleta mavi. Wazazi walicheka mpaka wakapangusa machozi. Baba yangu alitazama viatu vyake.

Bibi alifika na garimoshi la asubuhi, amevaa khanga mpya, kifurushi kirefu kwapani. Akaketi mstari wa mbele, kifurushi mapajani, asikifungue. Wavulana wakaanza kupiga mivukuto. Mkaa ukawaka mwekundu, kisha mweupe, na mdomo wa tanuru ukanguruma hata watu wa Baghdadi wakaacha kahawa. Babu alishawaambia wazi kwamba chuma hakitatoka siku hiyo, kazi yake ni ya kukesha na inataka mawe mengi ya madini. Mwalimu akasubiri watu wanyamaze, akauliza kwa adabu, maana utani una mahali pake, "Mzee wangu, moto tumeuona. Chuma kiko wapi?"

Babu akamtazama Bibi. Bibi akanitazama mimi, nyuma ya minyaa yangu. Uwanja mzima ukageuka kutazama minyaa, bila kujua kuna nini. Nilitamani ardhi inimeze. Niliona Babu anajifuta jasho, anatazama tanuru, anatazama wanaume wenzake wa Igalula waliokuja naye, wazee wanaojua mwiko kama yeye. Ilikuwa kazi kwake, na mimi niliyemkasirikia siku zote zile ndipo nilipoiona ilivyokuwa kazi.

Akaja mpaka katikati ya uwanja. Akasema, "Tanuru ni mama, ndivyo nilivyofundishwa, na mama hataki mke mwenza. Lakini huyu si mke mwenza wake. Huyu ni mtoto wake. Kalunde, njoo kwa mama yako." Kisha akamwona Salma amebaki ameshika uzio. "Na wewe. Mama habagui watoto."

Sijui nilivyofika. Najua joto lilinipiga usoni na Babu akanipa mkaa nitie. Bibi akasimama, akafungua kifurushi, akatembea na jembe lile mikononi mbele ya watu wote, pana kama jani, jeusi, limepakwa samli. Hakumpa Babu. Alimpa Mwalimu, akamwambia alishike aone uzito wa mwanamke wa Kinyamwezi. Vigelegele vilivyopigwa hapo vilisikika sokoni, na wa kwanza kuvipiga ni mama yangu.

Mwalimu Chilewa alilishika muda mrefu. Aliligeuza, akapitisha kidole kwenye makali, akauliza maswali kwa Babu kama mwanafunzi. Halafu akaingia darasani na umati nyuma yake, akapanda meza, akatia tone jekundu magharibi ya nchi yetu. Aliposhuka hakungoja kudaiwa. Alijitwika karai la mavi ya chuma kichwani, Mgogo yule, akauzunguka uwanja mzima akisema anawalipa watani hongo ya babu zao, na sisi nyuma yake tunaimba. Sijawahi kuona mtu aliyeshindwa akiwa na furaha kiasi kile. Nilipokua nikaelewa kwamba tone lile alilitaka kuliko sisi. Alituchokoza ili tukalitafute.

Leo watoto wanasoma ustaarabu wa dunia nzima bila kutoka kitandani. Wanajua urefu wa piramidi, wanajua jina la kila mfalme, na ukiwauliza kwao wapi wanasema Mbezi. Siwalaumu. Mambo ni mengi, muda mchache, kama wanavyosema wenyewe. Ila sisi historia tuliijua kwa uzito wake mkononi, na kwa harufu ya mkaa kwenye nywele, na hiyo huwezi kuipitisha kwa kidole.

Jambo moja sijawahi kulisimulia. Siku ile, nilipokuwa natia mkaa, Babu alikuwa ananong'ona na tanuru. Kinyamwezi cha zamani, cha watu wa kabla yake, maneno ya kumtuliza mama anayejifungua. Wavulana hawakuyasikia, kwa sababu mivukuto ilikuwa inapiga kelele na wao walisimama nyuma. Aliyekuwa karibu ni mimi. Babu alifariki na hakuna aliyewahi kumuuliza, na wazee wa Igalula waliokuja naye wote wamelala.

Nayakumbuka nusu. Kila wajukuu wakija likizo nawakalisha, simu nazifungia kabatini, nawafundisha hiyo nusu mpaka waseme bila kukosea.