Birika la Maji Moto

Nimekasirika mpaka leo, ingawa mkosaji ni mimi.

Napika chai katika ofisi moja mjini. Kule Makina ninakopanga, mfereji hutoa maji baridi tu, tena kwa foleni. Nilipoona ofisini kuna mfereji wa maji moto, birika nikawa nalijaza hapo. Maji yenye moto huchemka upesi, au siyo?

Juzi makarani wakaanza kukunja nyuso, eti chai inanuka. Nikamrukia Mwangi, anayetuletea maziwa, nikamwita mwongo mbele ya watu. Kisha nikambebea bosi kikombe.

"Onja, mzee. Nimechoka kusingiziwa."

Akaonja, akatema. "Maziwa haina shida, mama. Ni maji." Akamtuma fundi aangalie tangi la maji moto, kwenye chumba cha nyuma.

Hapo nikashtuka. Kwa mvua hizi, nguo hazikauki Makina, kwa hiyo nimekuwa nikianika nepi za mtoto wangu kwenye kamba juu ya tangi hilo, kwa sababu ya joto. Halina kifuniko. Wiki iliyopita nepi moja ilipotea, nikawaita makarani wezi, Mwangi akisikia, nikawaelezea hadi ua jekundu nililolitarizi.

Ilikuwa imefuliwa kwa sabuni, nawaambia.

Fundi akarudi ameining'iniza kwenye spana, inachuruzika. "Hii ni ya nani?"

Mwangi akaliangalia lile ua. "Mama," akasema taratibu, "mwizi wako amepatikana."